Anza na Tao, Pembe Itafuata

Mada ya duara katika Hisabati ya Kidato cha Tatu huwafikia wanafunzi wengi ikiwa orodha. Pembe ya katikati ni mara mbili ya pembe ya ukingoni. Pembe za ukingoni zinazokabili tao moja ni sawa. Pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90. Pembe mbili zinazokabiliana katika pembenne iliyochorwa ndani ya duara hujumlika kuwa 180. Halafu inakuja ile ya tanjenti, ambayo wengi huikariri bila kuelewa inasema nini. Usiku wa kuamkia mtihani orodha hiyo inasomwa kwa sauti kuanzia Majengo hadi Machame, na kesho yake umbo moja lenye kona tano, kitovu O na herufi x linatosha kumfanya mtahiniwa aanze kujaribu kanuni moja baada ya nyingine, kama mtu mwenye shada la funguo gizani. Ushauri wa makala haya ni kuiweka orodha hiyo pembeni kwanza. Lipo jambo moja la kujifunza, nalo ni kuzigawa nyuzi 360 za mzingo kati ya matao yake. Aliyekwisha kuzigawa hana haja ya kubahatisha, maana pembe ya kona yoyote ataipata kwa kutoa na kugawa kwa mbili.

Msingi wake unathibitishwa kwa mistari michache, na ni vizuri uthibitishwe kwa mkono wako mwenyewe. Chora duara kwa bikari, kitovu chake kiwe O. Weka nukta A, B na C ukingoni, C ikiwa ng'ambo ya pili ya A na B. Toka C, pitisha mstari katika O hadi ukingo wa upande wa pili, pale paite D. Sasa tazama pembetatu OAC. Pande zake OA na OC zote ni nusu kipenyo, kwa hiyo ziko sawa, na pembe zake zilizo A na C ziko sawa pia. Pembe ya nje AOD ni jumla ya hizo mbili, yaani mara mbili ya ile iliyoko C. Upande wa B mambo ni yale yale. Jumlisha pande zote mbili, utaona kwamba pembe AOB ya katikati ni mara mbili ya pembe ACB ya ukingoni. Kama O imeangukia nje ya pembe hiyo, badala ya kujumlisha utatoa, na jibu halibadiliki. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliliandika jambo hili katika kitabu cha tatu cha Elements, hoja ya 20, na hoja ya 21 na 22 za kitabu hicho hicho zimejengwa juu yake. Karne nyingi baadaye Ptolemy wa Alexandria, yule yule aliyeitaja bandari ya Rhapta ya pwani yetu katika kitabu chake cha jiografia, alitumia pembenne za ndani ya duara kutengeneza jedwali la kukokotolea mienendo ya nyota na sayari.

Kutokana na uthibitisho huo tunapata lugha rahisi ya kufanyia kazi. Ukubwa wa tao ni ile pembe ambayo tao hilo linaifanya kwenye kitovu, na matao yote ya duara moja yakikusanywa yanakuwa 360. Pembe yoyote ya ukingoni ni nusu ya tao inalolikabili. Poligoni ikichorwa ndani ya duara, kona zake zote zikiwa ukingoni, pembe ya ndani ya kona fulani hukabili matao yote isipokuwa mawili, lile la kushoto kwake na lile la kulia kwake. Basi toa matao hayo mawili kwenye 360, kisha gawa kwa mbili. Hakuna zaidi ya hapo.

Mahali pazuri pa kujizoeza ni uso wa saa, na Moshi haina upungufu wa saa: mnara wa saa umesimama katikati ya kipilefti mjini, kila mtu anaupita. Uso wa saa umeshagawanywa matao 12 yaliyo sawa, kila moja nyuzi 30, kwa hiyo pembe ya ukingoni hupata nyuzi 15 kwa kila nafasi moja inayoikabili. Unganisha alama zilizoandikwa 12, 2, 6 na 9 (hapa tusome namba zilizoandikwa, si saa zetu, maana pale penye 12 sisi husema saa sita). Kona ya 12 inakabili nafasi kutoka 2 hadi 9, ambazo ni saba, hivyo pembe yake ni 105. Kona ya 2 inakabili nafasi kutoka 6 kuzunguka hadi 12, sita, hivyo ni 90. Kona ya 6 inakabili tano, ni 75. Kona ya 9 inakabili sita, ni 90. Jumla ni 360, kama pembenne yoyote inavyotakiwa. Angalia pia 12 na 6: mstari unaoziunganisha ni kipenyo, na kona mbili zinazokitazama kipenyo hicho, ya 2 na ya 9, zote zimekuwa nyuzi 90. Hakuna aliyeitaja kanuni ya nusu duara. Imejitokeza yenyewe, kwa kuwa nusu ya 180 ni 90.

Kanuni nyingine nazo hujitokeza hivyo hivyo. Katika pembenne, kona mbili zinazokabiliana hugawana duara zima: tao ambalo moja hailitazami, nyenzake inalitazama, wala hakuna tao linalotazamwa mara mbili. Kwa hiyo pembe zao kwa pamoja ni nusu ya 360, yaani 180. Pembe zinazokabili tao moja zinakuwa sawa kwa sababu kila moja ni nusu ya kitu kile kile. Ile ya tanjenti nayo haisemi jambo geni: pembe iliyo kati ya tanjenti na mstari unaokata duara kuanzia pale tanjenti inapoligusa ni nusu ya tao lililofungiwa kati yake, kwa hiyo inalingana na pembe yoyote ya ukingoni inayolikabili tao hilo kutoka upande wa pili. Poligoni ya pande sita, ambayo vitabu vingi havihangaiki nayo, ina kanuni yake pia. Chukua kona ya kwanza, ya tatu na ya tano: pembe zake zikijumlishwa ni 360 daima, umbo likiwa limevutwa vyovyote ndani ya duara. Aliyekariri orodha hana hii. Anayehesabu matao ataipata kwa dakika moja, kwa sababu kila tao limeachwa na kona moja tu kati ya hizo tatu na kutazamwa na mbili.

Mitego mingi ya mada hii inatokana na picha moja, nayo inastahili kukaliwa kwa muda. Duara lina kitovu O. A na C ziko ukingoni, pembe AOC ni 140, na B iko ukingoni kwenye tao fupi kati ya A na C. Pembe ABC ni ngapi? Jibu la kwanza la haraka ni 70, kwa kuwa nusu ya 140 ni 70. Jibu la pili la haraka ni 40, kwa kuwa OABC ina kona nne na mtu anakumbuka kwamba zinazokabiliana hujumlika kuwa 180. Yote mawili si sahihi, na kila moja lina chanzo chake. Aliyesema 70 ametumia kanuni ya kweli kwa tao lisilo lake. B imekaa juu ya tao la nyuzi 140, kwa hiyo haiwezi kulikabili. Inakabili lile la upande wa pili, la 220, na pembe yake ni 110. Aliyesema 40 amesahau kwamba O haiko ukingoni. OABC si pembenne iliyochorwa ndani ya duara, hata kama imechorwa ndani ya mchoro wa duara, kwa sababu sharti ni kona zote nne ziguse mzingo. Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza kona hii inakabili tao gani hawezi kunaswa na mtego wa kwanza, na wa pili hatauona kabisa, maana kitovu hakikabili tao kwa namna ambayo ukingo hukabili.

Asiyeamini kwamba pembe ya ukingoni inaweza kuzidi 90 na afikirie kileleni Kilimanjaro. Wapanda mlima wa njia ya Marangu hufika ukingo wa kreta ya Kibo pale Gilman's Point, hupita Stella Point, kisha humalizia Uhuru, mita 5,895. Tuuchukulie ukingo huo kuwa duara, kwa muda tu. Vituo vyote vitatu viko upande wa mashariki na kusini. Sehemu iliyo kubwa zaidi ya mzingo, inayozunguka kaskazini na magharibi, haina hata kimoja. Aliyesimama Stella akaunyoosha mkono mmoja kuelekea Gilman's na mwingine kuelekea Uhuru anakabili tao hilo kubwa lote, ng'ambo ya kreta. Tao limezidi 180, kwa hiyo pembe kati ya mikono yake imezidi 90, na katikati ya kreta ipo nje ya pembetatu ya vituo hivyo. Lakini asije mtu akakokotoa nyuzi kamili kwa njia hii. Ukingo wa Kibo umemegeka na kupinda, na kutoka Gilman's hadi Uhuru kuna tofauti ya kimo inayozidi mita 200, kwa hiyo vituo haviko kwenye bapa moja. Hisabati ya duara inadai duara.

Tujaribu sasa swali linaloweza kumkuta mtahiniwa kweli. Poligoni ABCDE iko ndani ya duara. AE ni kipenyo, AB, BC na CD zina urefu sawa, na pembe ya kona C ni 140. Tafuta nyingine nne. Mwenye orodha ataanza kuunganisha A na C, halafu A na D, hadi umbo lijae mistari. Mwenye matao ataandika kwanza anachokijua. Mistari iliyo sawa hukata matao yaliyo sawa, basi AB, BC na CD kila moja ni tao la t. Kona C haiyatazami matao mawili ya t, kwa hiyo 140 ni nusu ya 360 kasoro 2t, na t ni 40. AE ni kipenyo, basi tao lililo kati ya E na A upande usio na kona ni 180, na yale manne yaliyobaki nayo yanajumlika kuwa 180. Matatu yamechukua 120, DE inabakiwa na 60. Duara limekwisha gawanywa: 40, 40, 40, 60, 180. Kona A inaacha 180 na 40, pembe yake ni 70. B inaacha 40 na 40, ni 140. D inaacha 40 na 60, ni 130. E inaacha 60 na 180, ni 60. Jumla ya tano ni 540, na ndivyo poligoni ya pande tano inavyotakiwa kuwa. Jumla hiyo ifanyie hesabu kila mara. Ni sekunde chache tu, nayo hukamata makosa mengi ya kujumlisha.

Walimu wana pingamizi la haki hapa. Mtihani wa Kidato cha Nne unataka kazi yote ionekane, na katika maswali ya duara hatua isiyo na sababu inaweza kukosa alama. Je, anayehesabu matao ataandika sababu gani? Ataandika ile ile inayobeba nyingine zote: pembe ya ukingoni ni nusu ya pembe ya katikati inayokabili tao hilo hilo. Hiyo ni kanuni inayokubalika, si njia ya vichochoroni. Akiulizwa kuthibitisha kwamba pembe zinazokabiliana hujumlika kuwa 180, ana uthibitisho wa mistari miwili, wakati aliyekariri ana kauli tupu. Majina ya kanuni kwa Kiingereza ayajue pia, kwa kuwa karatasi imeandikwa kwa lugha hiyo. Nakubali vilevile kwamba pale swali linapotoa pembe moja ya pembenne na kuuliza inayoikabili, kuanza kugawa matao ni kujisumbua. Toa kwenye 180 uendelee. Ubishi wangu ni juu ya kinachoanza kufundishwa. Kanuni fupi ni njia za mkato, na njia ya mkato humfaa anayeijua barabara.

Wengine husema, kwa nini tusipime tu? Kipimapembe kimo mkebeni. Michoro ya mtihani haichorwi kwa vipimo vyake halisi, hilo ndilo jibu la kwanza. Jibu la pili lina uzito zaidi. Mwanafunzi wa Kitanzania Erasto Mpemba aliona mwaka 1963, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, kwamba mchanganyiko wa moto wa kutengenezea ice cream uliganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimcheka, lakini yeye hakuacha kuuliza, na makala aliyoandika na mwanafizikia Denis Osborne yalichapishwa mwaka 1969, wakati huo Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa juu ya Moshi. Katika fizikia, kilichoonwa kwa macho kina haki ya kumtikisa mwalimu. Katika jiometria kipimo hakina haki hiyo. Ukipima ukapata 109 mahali ambapo hesabu inasema 110, penseli yako ni butu au duara lako limeyumba, kanuni haijaguswa. Kipimapembe kitumike baada ya hesabu, kuonyesha kama umekosea kwa mbali, kwa mfano ukiwa umeandika 70 na pembe iliyo mbele yako inaonekana wazi kuwa butu.

Pingamizi la tatu husikika zaidi kwa wazazi: anayeuza ndizi Mbuyuni atazifanyia nini pembe hizi? Muuza ndizi pengine hatazifanyia kitu, na sioni haja ya kujifanya vinginevyo. Fundi seremala ni habari nyingine. Amepewa ubao uliokatwa mviringo na anatakiwa kutoboa katikati, wala tundu la bikari halipo tena. Anaweka kona ya skwea yake juu ya ukingo wa ubao, anatia alama pale mikono miwili ya skwea inapovuka ukingo wa upande wa pili, kisha anaziunganisha alama hizo kwa rula. Kona ya skwea ni 90, kwa hiyo inakabili tao la 180, na mstari aliouchora ni kipenyo. Anarudia kutoka mahali pengine pa ukingo, na mistari miwili ikikatana hapo ndipo katikati. Ujuzi huo huo hufanya kazi kwa kinyume. Pembetatu yoyote ina duara linalopita kona zake zote tatu, lakini pembenne nyingi hazina. Kihamba (shamba la ukoo) cha Kibosho au Old Moshi, ambacho mipaka yake imefuata mfongo (mfereji wa maji) na mteremko wa mlima, kinaweza kuwa na kona nne zenye pembe 80, 95, 110 na 75 kwa mfuatano. Ya kwanza na ya tatu zinafika 190, basi hakuna duara linalozipita kona zote nne, na lolote tulilosema juu ya matao halikihusu kihamba hicho. Mwanafunzi anayetumia 180 kwa kila umbo lenye pande nne akumbushwe mfano huu.

Limebaki suala moja ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya maswali yanaonekana kukosa taarifa. Ukipewa pembe zote za ndani za poligoni ya pande tano, unaweza kuyapata matao yote. Chagua kona mbili zisizo jirani, B na D katika mfano wetu. Pembe ya B inakwambia kwamba matao ya kando yake ni 80 kwa pamoja, na ya D kwamba ya kwake ni 100. Yaliyotajwa ni manne; la tano, EA, ni kilichobaki kwenye 360, yaani 180. Ndiyo maana poligoni ya pande tano ndani ya duara ikiwa na pembe zote sawa, pande zake nazo lazima ziwe sawa. Pembenne haiko hivyo. Kona mbili zisizo jirani zinataja matao yote manne, hakuna kinachobaki cha kukokotoa, na mstatili mwembamba una pembe sawa na za mraba ingawa matao yake ni tofauti kabisa. Ukikutana na pembenne ambayo imetolewa pembe za kona peke yake na swali linataka pembe ambayo upande mmoja unaifanya kwenye kitovu, au pembe ya pale mistari ya ndani inapokatana, usipoteze dakika kumi ukizungusha 180. Rudi kwenye maneno ya swali utafute taarifa ya ziada, pande mbili zilizosemwa kuwa sawa, mstari ulioitwa kipenyo, au tanjenti iliyochorwa pembeni. Ukiipata, lipe tao lake namba kwanza, kisha ugawe yaliyosalia.